Barua ya wazi kwa uongozi wetu: tunaomba ruhusa ya kusimama

Kwako Mkurugenzi Mtendaji,
Nakala: Meneja Utumishi, Meneja wa Huduma kwa Wateja na wajumbe wote wa Bodi.

YAH: KUKALISHWA KITI KIMOJA SHIFTI NZIMA NA AFYA YA MIOYO YETU

Ndugu Mkurugenzi, shikamoo, na pole na majukumu.

Najua sio kawaida mpokea simu kukuandikia wewe moja kwa moja tena hadharani, na kiukweli nimesita sana, nimeandika nikafuta nikaandika tena. Ila njia za ndani zote tumeshapita. Barua ya kwanza nilimpa supavaiza mkononi kama utaratibu unavyotaka, ya pili tuliandika watu 14 tukaweka saini zetu tukapeleka utumishi, ya tatu ikaingia kwenye sanduku la maoni pale mapokezi, halafu kwenye kikao cha wafanyakazi nikanyoosha mkono nikaongea mbele ya watu wote. Jibu tulilopata ni viti vipya. Viti vizuri kweli, vina mgongo mrefu na sehemu ya kuegemeza shingo, tunashukuru, lakini hatukuomba viti. Tuliomba kusimama, na ndio bado tunachoomba.

Sitaitaja kampuni wala mtu yeyote kwa jina, wewe utajijua na wenzangu watajua. Nia yangu sio kuchafua mahali panaponilisha mimi na mama yangu. Nina miaka 31, hii kazi naipenda, mteja akipiga anafoka akamaliza anacheka mimi najisikia vizuri siku nzima. Nataka niifanye hata miaka 20 mbele, na kwa tunavyokaa sidhani kama moyo wangu utanifikisha huko.

Naomba niyapange malalamiko kwa namba ili isionekane napiga kelele tu.

1. Tunavyokaa

Naingia saa 1 asubuhi natoka saa 10 jioni. Nikishavaa hedseti waya wake hauzidi urefu wa mkono, ukinyanyuka unakuvuta kichwa, kwa hiyo unakaa. Kwenye skrini kuna kitufe cha "nipo" na "sipo", ukibonyeza "sipo" sekunde zinaanza kuhesabika kwa rangi nyekundu na supavaiza anaziona kwake. Choo tumepewa dakika 10 kwa shifti nzima. Kwa hiyo watu wameacha kunywa maji, hasa kina dada, chupa ya maji inakaa mezani tangu asubuhi mpaka jioni imejaa vile vile, kwa sababu ukinywa utaenda chooni, ukienda chooni unakatwa pointi, ukikatwa pointi bonasi ya mwezi inaondoka. Nimewahi kuhesabu hatua zangu kwa simu, toka nimekaa asubuhi mpaka nanyanyuka kwenda nyumbani zilikuwa 212. Mtoto wa dada yangu wa miaka miwili anazimaliza hizo kabla hajanywa uji.

2. Yaliyompata mwenzetu

Kuna dada tulikuwa tunakaa meza moja, amenizidi miaka minne, ndiye aliyenifundisha kazi. Mwaka jana alianza kulalamika mguu wa kushoto unavuta. Sisi tukasema ni kiatu. Siku moja mchana akapandisha suruali akanionesha, kigimbi kimevimba kinang'aa, akabonyeza kwa kidole gumba akaachia, na lile shimo likabaki pale pale, tukakaa tunaliangalia wote wawili linavyojaa polepole na simu inaita masikioni. Aliomba ruhusa akaambiwa amalizie shifti maana foleni ya wateja ilikuwa ndefu. Siku ya tatu yake akiwa nyumbani pumzi ikakata, kifua kinabana, mumewe akamkimbiza hospitali usiku. Damu ilikuwa imeganda mguuni, kipande kikakatika kikasafiri mpaka kwenye mapafu.

Namshukuru Mungu yupo hai. Yupo kwenye dawa za kuzuia damu kuganda na hajarudi kazini. Na nisiwe muongo hapa, sisemi kiti ndicho kilichomfanyia hivyo peke yake, daktari wake alimuuliza mambo mengi, uzazi wa mpango, historia ya familia, safari ndefu, na kukaa muda mrefu bila kunyanyuka kulikuwa ni moja kati ya hayo aliyouliza. Lakini ndilo pekee kwenye ile orodha ambalo wewe Mkurugenzi una uwezo wa kulibadilisha kesho asubuhi.

Maana damu inashushwa miguuni na moyo, ila kurudi juu inahitaji msaada wa misuli ya vigimbi. Kila ukitembea ile misuli inaikamua mishipa na kuisukuma damu ipande, na ndani ya mishipa kuna vilango vinavyozuia isirudi chini. Ndio maana madaktari wengine wanaiita moyo wa pili. Ukikaa masaa manne mfululizo huo moyo wa pili umelala, damu inatuama, miguu inavimba, jioni viatu haviingii. Na damu iliyotuama ndiyo inayopenda kuganda. Bonge likifika kwenye mapafu, moyo upande wa kulia unalazimika kusukuma damu kwenye njia iliyozibwa, na unaweza ukashindwa hapo hapo.

3. Moyo wenyewe

Hili ndilo sikulijua kabla, nilianza kulifuatilia baada ya mwenzetu kuumwa. Moyo ni msuli, na msuli usipopewa kazi unapungua kama mkono uliotolewa plasta. Mwaka 1966 kule Dallas, Marekani, walichukuliwa vijana watano wa miaka 20, wazima kabisa, wakalazwa kitandani wiki 3. Walipoamka uwezo wa miili yao kutumia oksijeni kwenye kazi nzito ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo, na kila pigo la moyo lilikuwa linasukuma damu kidogo kuliko mwanzo. Miaka 30 baadaye wakaitwa tena wale wale watano, sasa ni wazee wa miaka 50 na vitambi, wakapimwa. Hakuna hata mmoja ambaye ile miaka 30 ilikuwa imemshusha kuliko zile wiki 3 za kitandani. Niliposoma hapo niliweka simu chini kwanza.

Kitanda sio kiti, najua, sisi jioni tunanyanyuka tunagombania daladala. Ila ndugu Mkurugenzi tupo na watafiti wetu sisi wenyewe, yaani waliochunguza watu wa kazi kama yetu. Daktari mmoja wa Uingereza, Jeremy Morris, mwaka 1953 alichapisha uchunguzi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na konda wanapanda gari moja, wanapumua moshi ule ule, wanatoka mitaa ile ile, tofauti ni kwamba dereva amekaa na konda anapanda na kushuka ngazi za basi mamia kwa siku akikata tiketi. Madereva walipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makonda, na wakiupata ulikuwa unawaua haraka zaidi. Watu wakasema labda wanene ndio waliochagua udereva. Akaenda mpaka kwenye vipimo vya sare, na kweli suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana. Lakini alipolinganisha mwembamba na mwembamba, mnene na mnene, bado konda alikuwa na nafuu.

Na kwenye uchunguzi huo huo akaangalia na watu wa posta. Wale wanaotembea kupeleka barua walikuwa na nafuu kuliko makarani na wapokea simu. Wapokea simu, ndugu Mkurugenzi! Hao ndio sisi, wa miaka 70 iliyopita, na hedseti zao.

Kinachotokea ndani kwa lugha yetu ni hivi. Misuli ya miguu ikilala, kile kimeng'enya kinachonasa mafuta kwenye damu ili yatumike kinapungua, mafuta yanabaki yanazunguka. Sukari nayo inakosa pa kwenda. Damu ikipita polepole kwenye mishipa ya miguu, ule utando wa ndani wa mishipa unapoteza uwezo wake wa kutanuka, na hii inaanza kuonekana ndani ya masaa machache tu ya kukaa, sio miaka. Miaka ikipita moyo wenyewe unakuwa mdogo na mgumu, haujai vizuri, kwa hiyo kazi ndogo tu unaenda mbio. Mimi nikipanda lile daraja la Manzese kuvuka barabara nasimama katikati nikijifanya naangalia magari, ukweli ni kwamba nasikia moyo masikioni. Mwezi wa tano nilipimwa presha duka la dawa nikaambiwa 150 kwa 95, nikarudi wiki iliyofuata, ikawa hivyo hivyo. Nilipoleta ile karatasi kwa supavaiza akanionea huruma kweli, akaniambia nisitembee tembee, nikae nipumzike.

Simlaumu, hata madaktari zamani walifikiri hivyo. Mgonjwa wa shambulio la moyo alikuwa analazwa kitandani wiki nyingi haruhusiwi hata kujilisha, mpaka mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, walipoonesha kwamba kumtoa kitandani mapema hakumdhuru. Leo mgonjwa wa moyo anaamshwa mapema atembee. Mgonjwa anaamshwa, halafu sisi wazima tunakalishwa.

4. Ngazi zimefungwa

Tupo ghorofa ya 6. Mlango wa ngazi una kufuli, ufunguo upo kwa mlinzi chini, tunaambiwa ni usalama kwa sababu kuna kipindi vitu viliibiwa. Mimi nilikuwa napanda kwa miguu kila asubuhi nilivyoajiriwa, sasa hivi ni lifti tu. Achana na moyo, siku moto ukiwaka tutapita wapi? Hili peke yake lingetosha kuniandikisha barua.

5. Saa ya chakula

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 23, inasema mtu akifanya kazi mfululizo zaidi ya masaa 5 apewe mapumziko ya dakika 60 angalau. Sisi tunapewa 30, na foleni ikiwa ndefu tunakulia mezani, chipsi mkono wa kushoto mausi mkono wa kulia.

Sasa najua majibu yatakayokuja, maana tumeshayasikia yote.

Mtasema mazoezi ni jukumu la mtu binafsi, nendeni jimu. Sawa, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na wengine wetu tunajitahidi Jumamosi ufukweni. Lakini mwaka 2016 ulitoka uchambuzi mkubwa, watu zaidi ya milioni 1, ukaonesha kwamba anayekaa zaidi ya masaa 8 kwa siku anahitaji kama dakika 60 mpaka 75 za mazoezi KILA SIKU ndipo ile hatari ya kukaa ifutike. Kila siku. Mwenzangu anatoka hapa saa 10, anafika Chanika saa 1 usiku, ana watoto wawili na ndoo za kuchota. Hizo dakika 75 anazitoa wapi, na zile za asubuhi anazokaa kwa ajili ya kampuni kwa nini azilipe na usiku wake?

Mtasema nyie vijana, moyo ni ugonjwa wa wazee. Wale wa Dallas walikuwa na miaka 20.

Mtasema simu haziwezi kuachwa. Ni kweli kifungu kile kile kinaruhusu mtu afanye kazi wakati wa mapumziko, ila ni kama kazi haiwezi kuachwa bila mtu au haiwezi kufanywa na mtu mwingine. Ghorofa yetu tupo zaidi ya 60. Tukienda kwa zamu, watano watano, mteja hatajua kama kuna aliyenyanyuka.

Mtasema hata mababu walikuwa wanakaa. Hili alinijibu mtu wa utumishi kabisa na nilikosa la kusema siku ile, nikaenda kulitafuta. Wapo ndugu zetu Wahadzabe kando ya Ziwa Eyasi wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, watafiti wamewafungia vifaa vya kupima mwendo, na kweli wanapumzika masaa mengi kwa siku, karibu 10, sio tofauti sana na mtu wa mjini. Lakini wanachuchumaa, wanapiga magoti, misuli ya miguu inafanya kazi hata wakiwa wanapiga stori, na wakinyanyuka wanatembea haswa, zaidi ya masaa 2 ya mwendo wa wastani mpaka wa nguvu kwa siku. Presha zao ziko chini hata uzeeni. Sasa kile kiti kizuri mlichotununulia kinafanya kinyume, kinabeba mgongo, kinabeba shingo, kinabeba mikono, misuli haina hata kazi ya kutushikilia tusianguke.

Na mtasema bajeti. Ndio maana nimepanga maombi yetu mengi yasigharimu kitu.

Tunaomba:

a) Dakika 5 za kunyanyuka na kutembea kila saa 1, zisihesabike kama "sipo" na zisikate pointi. Sijazitoa kichwani, kuna utafiti mdogo wa Marekani ambapo vijana walikaa masaa 3 mishipa ya miguu ikapoteza uwezo wa kutanuka, wakakaa tena siku nyingine lakini wakitembea dakika 5 kila saa, mishipa ikabaki vizuri. Tutembee polepole tu kwenye korido, sio mchakamchaka.

b) Kufuli la ngazi litoke. Wiki hii, sio mwezi ujao.

c) Dakika 60 za chakula kama sheria inavyosema, mbali na meza.

d) Choo kisihesabiwe. Mtu mzima asiombe ruhusa ya kukojoa, na maji tuyanywe.

e) Waya za hedseti ziwe ndefu ili mtu aweze kupokea simu akiwa amesimama, na kila safu iwe na meza moja ndefu ya kusimamia, fundi wa hapa hapa mtaani anaweza kuzitengeneza.

f) Kila mwaka tupimwe presha, sukari na mafuta. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, na watu wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wapo, tungependa waalikwe na uongozi wenyewe kabla hatujawaita sisi.

g) Mwenzetu aliyeumwa akirudi apewe kazi ya kumfanya anyanyuke, na mtu asimuulize dakika. Hili ninaliomba kwa namna ya pekee.

Wale wa Dallas nilikuwa sijamaliza habari yao. Walipopimwa wakiwa na miaka 50 walianzishiwa mazoezi ya taratibu, miezi 6, kutembea, kukimbia kidogo, baiskeli. Uwezo wote walioupoteza kwa miaka 30 ukarudi. Moyo unasamehe, ila lazima mtu anyanyuke, na sisi kunyanyuka kwetu kupo mikononi mwako.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, na tupo tayari kukaa kikao na wewe (au kusimama) siku yoyote utakayopanga, hata nje ya muda wa kazi.

Wakati tunasubiri tumechanga elfu tatu tatu, tumenunua waya za nyongeza Kariakoo, zimetosha watu 22. Kuanzia Jumatatu, kila saa ikigonga, hao 22 tutasimama dakika 5 pale pale kwenye meza zetu. Simu tutapokea kama kawaida, hakuna mteja atakayekatiwa, kitufe kitasoma "nipo". Supavaiza wetu tumeshamwambia ili asishtuke.

Wako katika kazi,
Mpokea simu, ghorofa ya 6, safu ya dirishani